Taya la Mzee wa Kanisa

Kiseke, Mwanza
28 Aprili 2024

Baba Mdogo Jairo,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na Mama Mdogo Rebeka, na kwamba lile basi halikulitikisa sana jeraha lako. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Favour yuko darasa la pili sasa, na amewatangazia wenzake wote kwamba babu yake ana mpira shavuni. Mwalimu wake ameniita kuniuliza kama ni kweli.

Umekataa simu. Unasema ukifungua mdomo unauma, na kwamba simu ya nyumbani kwenu inasikika mpaka kwa jirani. Basi naandika, kama ulivyotuzoesha ulipokuwa bado unafundisha shule. Naomba tu barua hii isirudi kwangu imesahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Sasa niseme lililonileta. Kile kinyama walichokukata shavuni kimefika maabara ninakofanya kazi. Sisi madaktari wa maabara mgonjwa hatumwoni. Tunatazama kinyama chake kwa hadubini, na kitu kingine tunachojua juu yake ni ile karatasi inayoletwa pamoja na kichupa. Yako inasema hivi: mwanamume, miaka sitini na minane, uvimbe kwenye taya la kushoto, ulianza miezi minane iliyopita baada ya kung'olewa jino, unakua polepole.

Daktari anayesoma kinyama chako ameniomba nikuulize kama maneno hayo ni sahihi. Ulianza lini hasa? Ulikua polepole kweli? Nijibu mapema, Baba. Si udadisi tu.

Nawasalimu wote,
Akeyo


Rorya
9 Mei 2024

Mwanangu na mama yangu Akeyo,

Marahaba. Nakuita mama kwa kuwa una jina la mama yangu, na kwa kuwa umeanza kunihoji kama yeye.

Huku mvua imekazana. Muhogo unapendeza, ila dagaa hawakauki, na kijiji kizima kinanuka dagaa mbichi. Rebeka ana mafua lakini hajaacha kwaya. Mwambie Favour mpira wenyewe haudundi, asijisumbue kuuomba.

Nyumbani kwa marehemu Ogweno bado kumepooza. Unakumbuka alikuwa rafiki yangu tangu tukichunga ndama. Mapema Machi tulimzika vizuri, kwa utaratibu wa kanisa, na neno nilisoma mimi mwenyewe. Mtoto wake Okech alipita hapa juzi. Alisimama getini akauliza hali yangu, nikamkaribisha chai, akakataa kuingia. Vijana wa siku hizi wana haraka.

Kuhusu karatasi yako, imeandikwa sawa. Jino lilitolewa Agosti mwaka jana, na yule mng'oaji alinivutavuta kama anayeng'oa kisiki. Kila kitu kilianzia hapo. Mwambie huyo daktari anayesoma asome kilicho mbele yake.

Barua hii nimemkabidhi kondakta. Ukiwa na nafasi mfuate stendi ya Nyamhongolo, asije akaisahau chini ya kiti.

Baba yako mdogo,
Jairo


Kiseke, Mwanza
20 Mei 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama Mdogo apate nafuu, mwambie asiimbe na mafua. Mimi sijambo, ingawa silali vizuri wiki hizi.

Nimejaribu kutafuta namna nzuri ya kuandika haya, nimeikosa. Madaktari wa upasuaji wanaamini una saratani ya tishu laini, yaani ile nyama ya nyuzi na misuli iliyoko kati ya ngozi na mfupa. Huwa ni nadra kwenye kichwa na shingo. Wamekupangia tarehe kumi na nane Juni. Watatoa nusu ya taya la chini na tezi za shingo upande wa kushoto. Utakula vitu laini maisha yako yote, na kuongea kwako hakutakuwa kama zamani. Wengine huona aibu hata kukaa na watu. Nimeona ni haki yako kuyasikia kutoka kwangu kabla hujayasikia kutoka kwa mgeni.

Lakini kuna jambo. Chini ya hadubini seli zako ni ndefu na nyembamba, zimejaa, na nyingi zinagawanyika. Saratani hiyo huonekana hivyo. Kuna kitu kingine, nacho ni adimu, kinachoonekana karibu vilevile. Mara nyingine mtu akigongwa, mwili huanza kujitengeneza pale palipoumia, ukazidisha. Uvimbe hutokea ghafla, hukua upesi mpaka watu waogope, kisha huacha wenyewe na kunywea. Huo haukatiwi mtu taya.

Kwa kinyama peke yake ni vigumu kuvitofautisha. Mkubwa wangu wa kazi, Dkt. Muganyizi, husema karatasi ni nusu ya jibu. Na karatasi yako inasema miezi minane, polepole, jino. Kwa maneno hayo yeyote mwenye akili ataandika saratani.

Sasa nisikilize. Ninayo picha ya Februari, siku ya ubatizo wa mtoto wa ndugu yetu Sharon. Umekaa mbele na shavu la kushoto limetazama kamera. Ni laini kabisa. Baba, miezi minane imetoka wapi? Uligongwa mahali?

Akeyo


Rorya
1 Juni 2024

Akeyo,

Marahaba. Barua yako niliisomea shambani ili Rebeka asinione. Baadaye nilimweleza. Alilia kidogo, halafu akaenda kupika.

Kuhusu picha, mpiga picha wa Sharon alikuwa amelewa, na siku hiyo hata mchungaji alitokea hana shingo. Usijenge nyumba juu ya picha.

Kuhusu kugongwa, nani wa kunigonga mimi? Nina miaka sitini na minane na ni mzee wa kanisa. Watu wakigombana huniita niwaamue. Nimekaa kwenye kiti hicho tangu wewe hujaenda sekondari, na sijawahi kuitwa barazani kwa jambo langu mwenyewe.

Tarehe kumi na nane nimeikubali. Nimeanza hata kujizoeza kunywa uji kwa mrija. Rebeka alinikuta jikoni ninafanya hivyo, tukacheka wote wawili, kisha yeye akaacha kucheka. Kama ni kukatwa, nikatwe. Wapo waliokatwa zaidi ya hapo na wanaishi.

Usiniulize tena, mama. Kuna mambo mtu wa nafasi yangu anakaa nayo.

Jairo


Kiseke, Mwanza
5 Juni 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Nilimwomba daktari wa upasuaji asogeze tarehe. Alikataa, na ana sababu. Kama ni saratani, kila wiki ya kungoja inaipa nafasi ya kushuka shingoni na kufika kwenye mapafu. Kwa hiyo kama karatasi yako ni ya kweli, kuchelewesha ni kukuua. Kama si ya kweli, tutamharibu uso mtu mzima ambaye hana ugonjwa wa kukatwa. Hakuna mtu hospitali nzima anayeweza kuamua kati ya haya mawili ila wewe.

Sihitaji kujua ni nani wala ni wapi. Nipe siku tu, na kama palikuwa na kugongwa. Nitaandika maneno matatu na sitauliza kitu.

Umesema kuna mambo unakaa nayo. Baba yangu alipofariki ulikaa nami. Ulinifundisha kusema mambo magumu wima, na hukunibembeleza. Ninaogopa, Baba Mdogo. Ninaogopa kwenda kazini asubuhi.

Nitakuwa Nyamhongolo kila basi la Musoma likiingia.

Akeyo


Rorya
9 Juni 2024

Mama Akeyo,

Leo salamu zitafuata nyuma. Niligongwa. Jumatatu, tarehe kumi na moja Machi, kwa fimbo, taya la kushoto.

Tulipomaliza kumzika Ogweno kwa nyimbo zetu, wanawe walitaka na lile la wazee, tero buru. Wewe umekulia mjini, huenda hukuwahi kuliona. Watu huswaga ng'ombe na kukimbia na fimbo na mikuki mpaka mpakani, wakipiga kelele na kupigana kwa mchezo, ili kukifukuza kifo kitoke nyumbani kwa mtu. Kanisa letu halitaki. Mara ngapi nimesimama mbele ya watu nikawaambia waache, wanaogopa mizimu bure. Siku hiyo wazee wenzangu walikuwa wameshaondoka. Mimi nilibaki kuhesabu viti vya kanisa virudi salama.

Nikasikia ng'ombe wanatoka, na vijana wanaliita jina lake. Mwanangu, sijui koti nililivua wakati gani. Nilijikuta ninakimbia na fimbo ya mtu mkononi, ninamwita Ogweno kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kwenye mazishi nilikuwa nimesoma neno bila hata kukohoa, watu wakanisifu kwa ujasiri. Huko nyuma ya ng'ombe ndiko nilikolia. Nililia nikashiba. Tukiwa karibu na mto Okech aligeuka akipiga hewani, nami nilikuwa nyuma yake, ikanipata. Alitaka kupiga magoti palepale. Nikamwambia inuka, na usimwambie mtu.

Rebeka nilimwambia nimejigonga mlangoni. Baada ya wiki mbili uvimbe ukatokea, ukaumuka kama maandazi. Nilipokwenda hospitali ya wilaya, nesi aliyekaa na kalamu kunihoji alikuwa binti wa mchungaji wetu. Nilimtazama, nikasema jino. Akauliza tangu lini, nikasema Agosti, kwa kuwa jino lilitoka Agosti kweli. Huko Mwanza walinakili alichoandika yule binti, na mimi nikaacha ibaki hivyo.

Kuna na hili. Uvimbe umeacha kukua tangu katikati ya Mei, na nadhani umepungua. Sikukuambia. Nilifikiri ugonjwa unaingia ndani.

Usiandike maneno matatu. Andika yote. Jana jioni nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza mwenyewe, ili karatasi yako isinitangulie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama taya linauma.

Na wewe pia kuna jambo hulisemi. Unaandika "daktari anayesoma", "daktari anayesoma". Ni wewe unayesoma, mama. Mgeni asingeniuliza mara tatu.

Sasa salamu. Hatujambo, Rebeka anaimba.

Jairo


Kiseke, Mwanza
12 Julai 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Favour anakusalimu sana. Tangu ulipolala kwetu anauliza utarudi lini umsimulie tena habari za fisi.

Ulipokuja mwezi uliopita nilikuwa nakimbia huku na huko, sikukueleza kitu kwa utulivu. Barua yako ilifika na basi la jioni. Asubuhi nilimpelekea Dkt. Muganyizi, akaisoma yote akiwa amesimama. Hakusema neno juu ya tero buru, ingawa kwao Bukoba hawana desturi hiyo na angeweza kutucheka. Aliomba vioo vyenye vipande vya kinyama chako, akafunga mlango. Alipotoka aliniambia tuandike karatasi mpya, na kwamba kwa karatasi hii mpya asingekata hata ukucha wako kabla ya kupata macho mengine. Tulipeleka vioo Dar es Salaam kwa wataalamu wawili, na sisi huku tukapaka vipande vilivyobaki rangi maalumu zinazosaidia kuzitenga seli. Upasuaji ukasimamishwa. Ndiyo maana siku ile ulipofika na shuka zako ukiwa umejiandaa kulazwa, ulipimwa kwa rula ukaambiwa urudi nyumbani. Naona ulikasirika kidogo.

Majibu ya Dar yamefika jana. Wote wawili wanasema si saratani. Ni ule uvimbe wa pigo nilioueleza, na kwa rula umeshapungua kwa karibu nusu tangu Aprili. Jina lake la kitaalamu ni refu, na tangu nianze kazi hii nilikuwa nimeliona vitabuni tu. Mwili wako ulianza kuziba pale ulipoumia, ukasahau kuacha, sasa umekumbuka. Tutaendelea kukupima kila mwezi mpaka mwaka uishe, na ukiona unarudi au unakua utakuja siku hiyohiyo, bila kungoja barua.

Ndiyo, aliyekuwa anasoma ni mimi. Nilikuficha kwa sababu nilijua ukijua ungenihurumia ukaniambia ninachotaka kusikia, nami nilihitaji kilichotokea. Neno saratani nilikuwa nimeshaliandika kwa penseli. Nililifuta jana mbele ya Dkt. Muganyizi, nikasugua kwa nguvu mpaka akanitania kwamba nitatoboa karatasi.

Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kusoma kinyama cha mtu mwingine.

Mwanao,
Akeyo


Rorya
18 Agosti 2024

Mama yangu Akeyo,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi, nimemsomea na Rebeka, na nimemsomea Okech. Yule kijana alikuwa amekonda. Alikuwa ameamini fimbo yake imenipa saratani, na kwamba atamzika rafiki wa baba yake mwaka uleule aliomzika baba yake. Nilimshika mkono nikauweka kwenye taya apapase mwenyewe. Uvimbe umebaki kama punje ya njugu. Mahindi ya kuchoma nayatafuna, ila kwa upande wa kulia.

Baraza la kanisa lilikaa Jumanne kwa ajili yangu. Nimeongoza vikao vile miaka mingi, lakini sikujua kiti cha mbele yao ni kigumu namna ile. Hawakuwa wabaya. Mchungaji ni mtu mwema, na alikuwa ameniwekea njia nyepesi. Niseme tu kwamba ninajutia kukimbia na wale vijana, tuombe, na kiti changu nirudishiwe siku hiyohiyo. Yule binti yake nesi alikuwapo, na Rebeka alikuwa benchi la pembeni akininong'oneza nikubali.

Nilisimama. Nilisema ninajutia kumdanganya huyu binti aliyeniuliza kwa nia njema. Nilisema ninajutia kumdanganya mke wangu, na kumwacha mtoto wa ndugu yangu kule Mwanza aogope kwenda kazini. Hayo yote niliyasema na machozi yalinitoka. Mchungaji akangoja. Akaniuliza kwa upole, na kukimbia je?

Mama, nilitafuta majuto hayo nikayakosa. Nilimwambia kwamba siku ile nilikwenda kumlilia rafiki yangu, na sikuwa nimepata mahali pengine pa kumlilia. Nikisema hapa kwamba ninajuta, nitakuwa ninamwandikisha huyu binti jino kwa mara ya pili.

Halafu wakapiga kura, na wameniweka chini ya marudi mwaka mmoja. Siongozi, sisomi neno, nakaa benchi la nyuma na kina mama wenye watoto wachanga.

Tukiwa njiani kurudi Rebeka aliniuliza kwa nini nisingesema tu lile neno moja, watu wakaenda kula. Nikamwambia, taya hili nimeachiwa kwa sababu nilisema kweli. Nimeshindwa kulitumia kusema uongo kabla hata halijapona. Tukafika nyumbani. Alipokuwa anafungua mlango akasema mwaka si mwingi, na kwamba na yeye atahamia benchi la nyuma tukae wote.

Tutakuja mwezi ujao kupimwa.

Baba yako mdogo,
Jairo